Mastaa wanaoaga Instagram kila mwezi: hayo siyo mapumziko, ni kiki

KUNA mchezo umeshika kasi mjini na sasa umefika mpaka vijijini. Mtu maarufu anapiga picha akiwa amefumba macho, anaiweka Instagram na maneno yenye huzuni kidogo: anawapenda mashabiki wake wote, lakini roho imechoka, kwa hiyo anapumzika mitandao kwa muda usiojulikana. Basi hapo watu hawalali. Wapo wanaolia, wapo wanaouliza kaachwa na nani, wapo wanaohesabu miezi kama ana mimba. Siku ya tatu mhusika karudi, na wimbo mpya mkononi au tangazo la sabuni.

Hayo siyo mapumziko, ni kiki. Na wahenga walishamaliza kazi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu aliyechoka kweli analala. Hauzungushi uchovu wake mitaani kama muuza karanga.

Kama ingekuwa kiki tu, wadau wangecheka na maisha yangeendelea. Tatizo ni kwamba mchezo huu unawafundisha mamilioni ya wafuasi jambo la uongo: kwamba kupumzika na simu ni lazima kuage, kusafiri, kulipia hoteli, kupiga picha ukiwa na chai na kitabu. Dada wa duka la vipodozi akiona hana uwezo huo, anajiambia mapumziko ni ya wenye pesa. Anabaki na simu mezani, msibani, kitandani na chooni. Hapo ndipo kesi ilipo.

MGENI WA BWERANYANGE

Chukua la mwanadada mmoja, jina kapuni, anayejulikana kwa urembo na kwa ugomvi wa mitandaoni. Asili yake ni Karagwe. Mwaka fulani, Krismasi ikikaribia, aliaga mashabiki kwamba anazima kila kitu na kurudi kwenye mizizi. Mizizi yenyewe ni Bweranyange, mkoani Kagera, kwenye vilima na migomba, mahali palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe.

Watu wa karibu na familia wanasimulia kilichotokea. Binti kafika, bibi kamtolea buni za kutafuna, ile heshima ya kwanza ambayo mgeni wa Kagera hupewa kabla hata maongezi hayajakolea. Mkono mmoja ukapokea, wa pili ukainua simu juu kutafuta mtandao. Kisha bibi akaombwa ashike tena kikapu, ageuke kidogo, atabasamu, arudie maana mwanga haukukaa vizuri. Alirudia mara tatu. Mwisho akauliza kwa upole kama hiyo mashine ina njaa.

Picha zilitoka usiku uleule, zikiwa na maneno marefu kuhusu utulivu wa kuwa mbali na mitandao. Yaani mtu yuko nje ya mtandao, mtandaoni! Siku nne alizokaa, bibi alimwona mjukuu wake utosini, kwa sababu uso ulikuwa umeinamia kioo.

Bweranyange imeshapokea wageni wengi, tena wakubwa. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Walivutiwa na ziwa la pale mpaka wakalifananisha na Windermere la kwao. Speke alikaa hadi Januari 1862 ndipo akaendelea na safari kuelekea Buganda. Grant, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua, alibaki mpaka Aprili. Rumanyika alituma wajumbe kwa Kabaka Mutesa kumtaarifu juu ya wageni hao. Wajumbe walikwenda kwa miguu na jibu lilikuja lilipokuja. Wakati likisubiriwa, mwenyeji na wageni walizungumza. Waliulizana kuhusu maziwa, milima, njia na mambo ya nchi za mbali. Hakuna aliyenuna eti mjumbe kasoma hajajibu.

Zama zile zisipambwe kupita kiasi, maana hata Speke naye alikuwa na mambo yake. Alichukua kipimo akampima mama mmoja wa nyumba ya kifalme, kwa sababu wanawake wa pale walinenepeshwa kwa maziwa na unene wao ulimshangaza. Vipimo vya mwili wa mama huyo akavitia kwenye kitabu chake kilichotoka 1863, Waingereza wakasoma na kushangaa. Kwa hiyo tabia ya kumgeuza mwenyeji kuwa maudhui haikuanza na Instagram. Tofauti ni kwamba Speke ilimchukua zaidi ya mwaka kuyafikisha London. Mjukuu wa leo hata buni hazijaisha mdomoni.

SIMU YENYEWE HAINA KESI

Sasa wapo wataalamu wa kuhamasisha watu, nao majina kapuni, wanaopita kwenye makongamano wakisema simu ni sumu, itupwe. Wengine wanauza mafunzo ya kuachana na simu, na mafunzo yenyewe yanafanyika kwa simu. Kha!

Mkulima wa Bweranyange akiambiwa atupe simu atamtazama msemaji kama mtu aliyepotea njia. Simu ndiyo benki yake. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, mtoto aliyeko Dar hutuma hela ikafika kabla jua halijazama, wakati zamani bahasha ilipewa kondakta na watu wakaanza kuomba Mungu. Simu ndiyo inampa bei ya kahawa. Kagera wanaijua vizuri butura, ile ya mlanguzi kununua kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya huruma, kwa sababu mwenye shamba ana shida na hajui soko linasemaje. Mkulima mwenye taarifa ni vigumu zaidi kumchezea. Mama mjamzito akizidiwa usiku, simu ndiyo inayomwita mtu wa bodaboda.

Kwa hiyo simu isionewe. Kinachotakiwa kuangaliwa ni nani anayeita. Kitochi kinalia pale mtu anapokuhitaji: mama, jirani, mteja. Simu janja inaita hata pale ambapo hakuna binadamu yeyote anayekuhitaji. Inaita kwa sababu kampuni inataka macho yako yarudi kwenye matangazo yake. Fulani kaanza kurusha mubashara. Fulani usiyemjua kapenda picha. Kuna video huenda ukaipenda. Huyo siyo mjumbe, huyo ni mpiga debe wa stendi.

Na mpiga debe huyu kafundishwa kazi. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukiteremsha kidole unazidi kuleta vitu. Baadaye mwenyewe alijitokeza hadharani kueleza majuto yake. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya redio ya jamii, kama FADECO ya kule Karagwe, ina dakika zake, ikiisha imeisha, watu wanarudi shambani. Lakini Instagram na TikTok hazina mahali palipoandikwa mwisho. Na ule mtindo wa kuvuta skrini chini ili vitu vipya vitokee hauna tofauti kubwa na mashine za kamari za kutumbukiza sarafu: mara nyingi hupati kitu, mara moja unapata, na hiyo mara moja ndiyo inayokushika.

Mtu akiambiwa ajizuie peke yake mbele ya mtambo wa namna hiyo, anaonewa. Lakini bado huyo siye adui mkubwa. Adui mkubwa ana jina, ana namba, na yumo kwenye orodha ya ndugu na marafiki.

KESI YA TIKI ZA BLUU

Novemba 2014 WhatsApp ilileta tiki mbili za bluu kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Mtu anaweza kuzizima kwenye mpangilio wa simu, lakini akizizima anaulizwa anaficha nini. Tangu hapo ndoa zimetikiswa na uchumba umevunjika. Kosa linatajwa kwa maneno matatu: umesoma, umekaa kimya.

Yupo kijana mmoja mzaliwa wa kulekule Bweranyange, anafanya kazi Dar, kampuni isitajwe. Huyu hakuaga mashabiki kwa sababu hana. Alichofanya ni kuzima data Jumapili moja ili alale, afue, apike, awe mtu. Jumatatu asubuhi akawasha. Mchumba kaandika jumbe kumi na moja, ya mwisho ikiwa na neno moja tu: "Sawa." Wanaoishi na wachumba wanajua uzito wa hilo neno. Bosi kauliza jambo kwenye kundi la kazi saa nne usiku, kisha kaandika kwamba wapo wafanyakazi wasio na moyo wa kazi. Na kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu, baba mdogo ambaye ni mweka hazina kaliweka jina lake kwenye orodha ya waliokimbia michango, watu themanini wanasoma.

Tangu siku hiyo simu ya kijana inalala chini ya mto. Saa nane usiku ikitetemeka, anaamka. Akiambiwa na yule mtaalamu wa makongamano kwamba hana nidhamu, anakubali, anajiona dhaifu. Lakini ukweli ni kwamba alijaribu, na watu wake mwenyewe wakamrudisha kwa viboko.

Hilo ndilo ambalo mastaa na wataalamu hawalisemi. Kupumzika na simu siyo suala la mtu mmoja na kioo chake. Ni adabu ya watu wawili. Anayezima hawezi kupumzika kama anayetuma hakubali kusubiri.

Anayebisha akumbuke jioni ya Jumatatu, Oktoba 4, 2021. Muda mfupi baada ya saa 12:30 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp vilikatika dunia nzima kwa hitilafu ya kampuni yenyewe, mpaka baada ya saa sita usiku. Karibu saa sita nzima, tena muda wa chakula cha usiku. Kilichotokea ni nini? Waliokuwa na la haraka walipiga simu ya kawaida au wakatuma meseji. Wengine walikula, wakaongea, wakalala mapema. Na asubuhi yake hakuna mchumba aliyeweza kununa kwamba hakujibiwa WhatsApp, wala bosi wa kuandika mambo ya moyo wa kazi. Kila mtu alijua kwamba kila mtu hayupo. Zile lawama za kijana wa Bweranyange zisingeweza kuandikwa usiku ule. Mapumziko yalikuwa mepesi kwa sababu yalikuwa ya wote.

Mdau atasema: lakini watu walipoteza biashara. Kweli kabisa. Mama anayeuza vitenge kupitia WhatsApp hakuuza usiku ule. Na Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa, walioumia ni wengi: waliokuwa na kazi za kutuma, wateja wa kujibu, malipo ya kukamilisha. Kukatiwa siyo kupumzika, hakuna mwenye akili anayeombea kukatiwa. Linaloombwa ni dogo zaidi kuliko hilo: watu wakubaliane saa ambazo kutojibu si kosa.

Wenzetu wameshaanza kuliwekea sheria. Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutoshughulika na ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Kenya, mwaka 2022, muswada wa namna hiyo uliandaliwa kwa ajili ya Seneti, na waajiri wakaupinga. Kumbe hata bungeni wameona kwamba jambo hili halimalizwi kwa kumwambia mfanyakazi ajikaze.

NA MSIBANI JE?

Mahali ambapo kukosa adabu hii kunaumiza kuliko pote ni msibani. Yupo baba mmoja wa Kyerwa, mtu mzima na wajukuu wake, aliyekuwa safarini. Alifungua WhatsApp kwenye basi kutazama saa tu. Akaona picha ya mama yake mzazi kwenye status ya kijana wa jirani, imewekewa mshumaa na maneno ya pumzika kwa amani. Ndugu zake walikuwa bado wanashauriana nani ampigie na kwa maneno gani. Taarifa ambayo mila inataka ibebwe na mtu mzima, aanze na salamu, amkalishe mtu chini kwanza, ililetwa na kijana aliyetaka kuwa wa kwanza kuposti.

Kijana yule hakuwa na ubaya moyoni. Alizoea tu kwamba kila kinachotokea mbele ya macho lazima kipite kwenye simu. Ndiyo maana hata makaburini wapo wanaosukumana kupata picha ya jeneza likishuka, wakati zamani mikono hiyo ingeshika koleo.

BASI KIFANYIKE NINI?

Kwanza, saa na mahali. Siyo mwezi mzima wa kuaga, ambao siku ya tatu umeshavunjika. Mambo machache yanatosha: wakati wa kula, saa ya kwanza ya mgeni, msibani, kitandani, na kwenye pikipiki. Hilo la mwisho madereva wa bodaboda wa Omurushaka na Kayanga wanalijua, wale wanaobana simu kwenye kofia ngumu huku abiria nyuma anasali. Nyumba iweke kikapu mlangoni, simu zilale humo mpaka sahani zitoke. Na mwenye nyumba aanze yeye. Mtoto hafundishwi kuweka simu chini na baba anayezungumza huku anasoma mpira.

Pili, aambiwe anayehusika, siyo dunia. Mchumba, mama, bosi, mteja mkubwa. Maneno ni mafupi: kuanzia saa tatu usiku data inazimwa, kukiwa na la haraka piga. Data ikizimwa, simu ya kupiga inabaki hewani. Hivyo hoja ya dharura inakwisha, maana mwenye dharura ya kweli hatumi meseji ya WhatsApp akakaa kusubiri tiki. Anapiga.

Tatu, na hili ndilo gumu, anayetuma abadilike. Jambo lisemwe lote kwenye ujumbe wa kwanza. Kuna watu wanatuma "Mambo", wanasubiri, wanatuma "Upo?", wanasubiri, wanatuma alama ya kuuliza, halafu kinachotafutwa ni namba ya fundi bomba. Bosi aliyekumbuka jambo saa nne usiku aliandike kwenye daftari lake, kesho ipo. Mweka hazina wa harusi ampigie mdaiwa kabla ya kumtangaza. Na mchumba aelewe kwamba mtu akilala kalala.

Wapo watakaosema huu ni ushamba, dunia inakwenda kasi na asiyejibu haraka anaachwa. Waulizwe swali moja: katika jumbe zote walizojibu wiki iliyopita ndani ya dakika moja, ngapi zingeharibika kama zingesubiri saa mbili? Wahesabu kwa vidole. Kwa wengi mkono mmoja utatosha na vidole vitabaki.

Kwa mastaa maneno ni machache. Wana wafuasi wanaowaiga kuanzia nywele mpaka kucha. Wangeweza kuwafundisha jambo lenye faida, kwamba inawezekana kuketi na mzazi saa nzima na ushahidi wake usiwepo popote. Badala yake wanawafundisha kwamba hata ukimya lazima uwe na picha, maelezo na mahali pa kutoa maoni.

Staa anayetaka kuheshimiwa kwa kupumzika afanye kitu kimoja tu: apumzike, na asirudi kusimulia. Mashabiki wasijue alikwenda wapi, alikula nini, wala bibi yake anafananaje. Wakimuuliza alikuwa wapi, ajibu alikuwepo. Kama hilo linamshinda, basi akubali kwamba yuko kazini, na aache kuliita kazi yake mapumziko ya watu.

Tafakari, chukua hatua.